Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kutathmini Huduma ya Dawati la Rejea, Dar es Salaam

Barua yangu ya kwanza ilikaa wiki tatu bila jibu. Kichwa chake kilisema: "YAH: MAOMBI YA KUTATHMINI UTENDAJI WA WATUMISHI WA KITENGO CHA REJEA." Mama mmoja wa masjala, katika maktaba ambayo sitaitaja, alinirudishia ile karatasi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mtu akisoma hivi anajua umekuja kumkagua." Nikafuta "utendaji wa watumishi", nikaandika "huduma ya rejea", yaani kazi ya dawati la maktaba ambapo wakutubi huwajibu wasomaji maswali yao. Barua ikapita.

Wewe unayejiandaa kwa utafiti wa stashahada au shahada, anzia hapo. Unaomba kupima huduma. Mtumishi mmoja mmoja ana msimamizi wake, na katika utumishi wa umma hupimwa kwa PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Kazi hiyo si yako.

Kabla ya kuandika chochote, nenda kwanza kama msomaji. Ukichagua Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, kaa asubuhi nzima ukitazama. Kuna anayeuliza choo kiko wapi, na kuna anayeuliza swali linalomwinua mkutubi kitini, akafungua kabati hili na lile. Ukihesabu vichwa tu, maswali hayo mawili yatalingana, na mkutubi aliyehangaika saa nzima ataonekana mvivu. Ndiyo maana napenda kipimo cha READ kilichobuniwa Marekani: kila swali hupewa alama kuanzia 1 hadi 6 kulingana na juhudi na ujuzi uliotumika kulijibu.

Hatua ya pili ni barua ya utambulisho kutoka chuoni. Hakikisha imetaja jina kamili la maktaba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mtafiti asiye raia anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ofisi zao ziko Kijitonyama; aanze mapema.

Sasa andika barua yako mwenyewe. Kwa Maktaba Kuu, mwandikie Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa maktaba ya chuo, mwandikie mkuu wa maktaba hiyo. Usimwandikie mkuu wa kitengo hata kama mmezoeana, utamweka mahali pagumu. Baada ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu", sema moja kwa moja:

"Naomba kibali cha kupima huduma ya dawati la rejea kwa siku kumi za kazi. Nitaandika aina ya swali, muda uliotumika, na kama msomaji alipata alichohitaji. Sitaandika jina la mtumishi wala la msomaji."

Sentensi ya mwisho usiiache. Inawatuliza watu, na inakuweka upande salama wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ambatisha barua ya chuo, muhtasari wa utafiti usiozidi kurasa mbili, nakala ya kitambulisho, na dodoso utakalowapa wasomaji, kwa Kiswahili. Swali la "Je, umeridhika na huduma?" liondoe. Sisi ni watu wa staha. Mtu atajibu ndiyo huku anaondoka mikono mitupu. Uliza: "Ulikuja kutafuta nini? Umekipata chote, sehemu yake, au hukukipata?"

Kuna njia nyingine, ya kumtuma mtu aulize swali ambalo jibu lake unalijua tayari, bila mhudumu kujua anapimwa. Watafiti wa maktaba Peter Hernon na Charles McClure waliitumia Marekani, na mwaka 1986 wakaeleza kuwa majibu sahihi yalikuwa karibu asilimia 55. Kwetu unaweza kuuliza Azimio la Arusha ni la tarehe ngapi. Lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 29, 1967, likatangazwa Februari 5. Mkutubi mzuri atakuuliza unataka ipi, kisha atakuonyesha ilipoandikwa. Njia hii inafundisha sana, lakini usiitumie kwa kificho kwa uongozi. Itaje wazi kwenye maombi, na uombe watumishi waambiwe kwamba katika kipindi fulani maswali ya aina hiyo yatakuja.

Peleka barua masjala ukiwa na nakala ya ziada, igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo itunze. Wiki ikipita kimya, rudi nayo. Ukiwa na tarehe ya kupokelewa, jalada hutafutwa kwa dakika chache. Ukija na maneno matupu, utaambiwa uje kesho.

Kibali kikitoka, usikimbilie kuhesabu. Nenda kwa mkuu wa kitengo, mwamkie, mwonyeshe fomu yako ya kuandikia maswali kabla haijatumika, na uombe wanaokaa dawatini waisome. Mzee mmoja aliisoma yangu akiwa amesimama, kalamu mkononi, akauliza: "Na wanaopiga simu utawaandika wapi?" Sikuwa nimewafikiria kabisa. Nikaongeza safu moja, na siku kumi zilipokwisha safu hiyo ilikuwa imejaa hadi chini.

Ripoti ikikamilika, chapisha nakala mbili: moja ipite masjala kwenda kwa aliyekupa kibali, nyingine uipeleke dawatini kwa mkono wako.