Mafuta ya ndevu: changanya chupa yako mwenyewe, harufu ije mwisho

Mteja akiketi kwenye kiti changu hapa Kondele, Kisumu, na kuona chupa za mafuta ya ndevu pale kwenye rafu, mkono wake hufanya kitu kilekile: huchukua, hufungua, hunusa. Akipenda, anauliza bei. Tangu nishike mashine ya kunyoa, ni wachache mno walioniuliza ndani mna mafuta gani. Basi watu wanalipia harufu, halafu baada ya wiki mbili wanarudi na mba ndani ya ndevu na kidevu kinachowasha, wakiniambia ndevu zao zimekataa mafuta. Kumbe kinachokataa ni ngozi iliyo chini, na mara nyingi inakataa hiyo harufu yenyewe.

Leo tunachanganya chupa ya mililita 30. Harufu itakuja mwisho na itakuwa kidogo. Anayetaka kunukia mpaka matatu nzima igeuke, somo hili si lake.

Vyombo

Chupa ya kioo cha kahawia yenye kidondoshi. Ukikosa, ile ya dawa ya kikohozi inafaa, bora uioshe, uichemshe na uiache ikauke kabisa usiku kucha. Tone moja la maji likibaki ndani, mafuta yataharibika mapema. Nunua pia sirinji ya mililita 10 kwa kemisti, bila sindano. Hiyo ndiyo mizani yako. Mambo ya "vijiko viwili hivi" waachie wapika pilau.

Hatua ya kwanza: mafuta ya msingi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu karibu chupa yote ni haya.

Wengi huanza na mafuta ya nazi. Kwetu Kisumu hayana tabu, joto lipo na yanabaki maji siku nzima. Lakini nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Niliwahi kumuuzia jamaa mmoja wa Nakuru chupa ya nazi tupu. Asubuhi ya pili akanipigia simu akilalamika kwamba nimemuuzia mshumaa. Alikuwa sahihi. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na asubuhi yake si ya mchezo. Tangu siku hiyo wateja wa Nakuru, Eldoret na Kericho siwawekei nazi.

Mafuta ya alizeti, haya haya ya jikoni, ni mepesi, hayana harufu kali na ngozi inayapokea vizuri. Usione haya kuyatumia. Ubaya wake ni kwamba hayadumu, baada ya miezi kadhaa huanza kunuka uzee. Jojoba ni ghali, lakini kwa asili yake ni nta ya maji, si mafuta hasa, ndiyo maana inakaa muda mrefu bila kuoza na inafanana kidogo na mafuta ambayo ngozi hutoa yenyewe. Parachichi ni zito zaidi, linafaa ndevu kavu, na siku hizi linakamuliwa humu nchini. Mafuta ya mbarika ndiyo mazito kuliko yote. Yanang'arisha na kushikanisha nywele, ila ukiyazidisha ndevu zinanata na kukusanya vumbi lote la barabara ya Kibuye.

Mchanganyiko wangu: alizeti mililita 15, jojoba 10, mbarika 5. Huna pesa ya jojoba? Weka alizeti 25 na mbarika 5. Toboa kidonge kimoja cha vitamini E kile cha majimaji, ukamulie ndani. Kinachelewesha mafuta kuoza.

Hatua ya pili: harufu

Nikisema mafuta makali nina maana ya yale yanayotolewa kwenye majani, maua, mbao au maganda na kuuzwa kwa vichupa vidogo: mwerezi, lavenda, rozimeri, mnanaa, karafuu. Jina linajieleza. Hayapakwi yakiwa peke yake.

Hesabu yake ni hii. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hivyo chupa ya mililita 30 ni kama matone 600. Kwa uso tunakaa kwenye asilimia 1, yaani matone 6. Sita tu. Najua yanaonekana machache, lakini kumbuka chupa hii inakaa chini ya pua yako kutwa.

Mimi huweka mwerezi matone 3, lavenda 2, karafuu 1. Karafuu usipite hapo, inachoma. Mdalasini usiweke kabisa, ni mkali kupita wote kwa ngozi ya uso. Kuhusu msandali, kuvuna msandali wetu wa porini kumepigwa marufuku Kenya tangu 2007, kwa hivyo ukiuziwa "msandali asilia" kwa shilingi mia mbili sokoni, umenunua manukato ya kiwandani yenye jina zuri.

Sasa ndimu. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilimimina karibu matone 30 ya mafuta ya ndimu kwenye chupa yangu, nikajipaka Jumapili, nikaenda Dunga kula samaki. Nilikaa juani tangu saa nne mpaka saa tisa. Jumanne mashavu yalikuwa yanawaka, kisha yakabaki na mabaka meusi kama mtu aliyepakwa masizi ya sufuria. Mabaka hayo yalichukua zaidi ya miezi mitatu kufifia, na kila mteja aliyeketi alinitazama usoni kabla ya kunikabidhi kichwa chake. Mafuta ya ndimu, limau na bagamoti yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda bila moto yana kemikali ambazo jua likizipiga zinaunguza ngozi, na sisi hapa tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Ukipenda harufu ya aina hiyo tumia chungwa tamu, halina shida hiyo. (Jirani alinishauri nijipake mkorogo kuondoa mabaka. Nilimwambia tatizo moja linanitosha.)

Asiye na vichupa hivi anaweza kutumia karafuu kavu. Chukua punje 10, ziweke kwenye mtungi wa kioo pamoja na mililita 30 za alizeti, utumbukize mtungi ndani ya sufuria yenye maji ya moto yasiyochemka, moto mdogo, saa moja. Chuja kwa kitambaa kikavu. Harufu ni ya chini na tamu, mimi binafsi naipenda kuliko ya chupa. Ila usifanye hivi kwa majani mabichi ya mchaichai au mnanaa wa shambani, maji yake yataozesha kila kitu.

Hatua ya tatu: jaribu kabla ya kupaka

Tone moja ndani ya kiwiko, subiri siku moja, ukiweza mbili. Pakiwasha au pakiwa na wekundu, punguza harufu au uiondoe kabisa. Hakuna aliyekufa kwa kupaka mafuta yasiyo na harufu.

Hatua ya nne: kupaka

Ndevu ziwe na unyevu, umetoka kuoga na umezifuta kwa taulo. Ndevu fupi matone 3 au 4, zilizofika kifuani 8. Sugua viganja, kisha ingiza vidole mpaka viguse ngozi, anzia chini ya kidevu. Ngozi kwanza, nywele baadaye. Malizia kwa kitana cha mbao chenye meno mapana, ukichana kuelekea chini. Watu wengi hupaka juu juu, ndevu zinang'aa na ngozi chini ina njaa.

Kuosha, mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, kila siku ukiwa mtu wa bodaboda. Sabuni ya mche ni ya nguo, iache kwenye beseni.

Maswali ya wasomaji

*Fundi, ndevu zangu ni ndefu na zinasimama kila upande. Mafuta hayazishiki. Niko Free Area, Nakuru.*

Wewe unahitaji mafuta mazito yenye nta. Nunua nta ya nyuki, huko kwenu ile ya Baringo haiko mbali. Gramu 20 za nta kwa gramu 80 za mafuta, nusu ya mafuta hayo yakiwa shea. Yeyusha nta kwanza ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, inayeyuka ikipita nyuzi 60, ongeza mafuta, epua, yakipoa kidogo ndipo utie harufu. Ukitia harufu juu ya moto inaruka yote na mvuke. Kwa baridi ya Nakuru punguza nta iwe 15, la sivyo utakwangua kwa kijiko.

*Assalam aleikum. Je, haya mafuta yana pombe? Nataka kuyapaka nikienda swala ya Ijumaa, hapa Mumias.*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa jinsi nilivyoeleza hapo juu, hamna pombe hata tone, ni mafuta juu ya mafuta. Pombe huwa kwenye manukato ya kupuliza, na hayo hukausha ndevu pia. Tone la mafuta ya udi mahali pa mwerezi litapendeza, mradi muuzaji athibitishe kwamba hayakuzimuliwa kwa kitu kingine.

*Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minne, Kakamega. Mume wangu anachanganya mafuta yake na ile dawa ya mwonyi ya kuchua kifua, anasema inapoa vizuri. Mtoto hulala kidevuni kwake. Kuna shida?*

Mama, asante kwa kuuliza, na mwambie shemeji aache leo. Mwonyi ni mmea wetu mzuri, na dawa ya kuchua iliyotengenezwa nao kando ya msitu wa Kakamega imejipatia jina, lakini una kafuri nyingi. Kafuri, mnanaa na mkaratusi hazifai kuwa karibu na pua ya mtoto mchanga, zinaweza kumbana pumzi. Ndevu ambazo mtoto analalia zipakwe alizeti tupu. Harufu zitarudi mtoto akikua, na huyo mtoto ananukia vizuri kuliko chupa yoyote niliyo nayo.

*Nina miaka 21, nasoma Maseno. Mashavu yana mashimo, ndevu hazijaungana. Mbarika itazijaza?*

Hapana, kaka. Mbarika inafanya zilizopo zionekane nene, haioteshi mpya. Ndevu ni urithi na homoni, na wanaume wengi huendelea kujaza mashavu hata baada ya miaka 25. Kuhusu minoxidil, ile ya kuotesha nywele, ambayo najua utaniuliza: hiyo ni dawa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushusha presha. Zungumza na daktari, usizungumze na kinyozi. Kwa sasa nyoa mashavu, acha kidevu. Inapendeza.

*Vipele vinatoka shingoni kila nikinyolewa. Nibadilishe mafuta?*

Badilisha unyoaji. Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa chini kabisa ncha inageuka na kuingia kwenye ngozi. Mwambie kinyozi aache urefu kidogo, asirudie wembe sehemu moja, na apanguse mashine kwa spiriti kabla hajakugusa. Lakini ukiona duara lenye magamba na nywele zinang'oka zenyewe, huo ni ukungu, na ukungu uliokaa kwenye ndevu mara nyingi hutaka dawa ya kumeza. Nenda kliniki. Mafuta yangu hayatakusaidia hapo.

*Naweza kutengeneza mengi niuze?*

Kwa ndugu na marafiki, jipime. Dukani, bidhaa yoyote ya mwili inahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na wana utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Anza kwa kuandika kila chupa umeweka nini na tarehe gani. Wengi wanashindwa hapo tu.

*Chupa moja inakaa muda gani?*

Matone 600, ukitumia matano kwa siku, ni kama miezi minne. Iweke mbali na dirisha. Siku ukifungua ikanuka kama karanga kuukuu, hata kama mwerezi bado unasikika, usipake tena. Bawaba za mlango zitaifurahia.