Taa za LED kwenye meza ya mihogo: piga hesabu kwa volti ya juu

Shangazi yangu anauza mihogo ya kukaanga Ngamiani, Tanga, kuanzia magharibi hadi saa tano usiku. Mimi ni fundi redio, kwa hiyo taa ya meza yake ilikuwa kazi yangu. Nilichukua LED 12 nyeupe za milimita 5, betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, paneli ndogo ya sola na kidhibiti chaji. Wiki ya tatu taa zikaanza kufifia moja moja, nuru ikageuka ya samawati. Betri ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye hesabu yangu, na vijana wanaokuja kibandani kwangu wananiletea kosa lilelile, ndiyo maana nalieleza lote.

LED ni diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu), haina tabia ya balbu ya waya. Balbu ikipata moto, ukinzani wake hupanda na kuubana mkondo. LED ni kinyume: chini ya volti yake haiwaki, ikishafika hapo, ongeza volti kidogo tu na mkondo unaruka. Ikipata joto, volti inayohitaji hushuka, mkondo unazidi, joto nalo linazidi. Rezista, kile kipande kidogo cha kuubana mkondo, ndiyo inayoishika. Kwa hiyo kabla ya kuunga, jua itapitisha miliampea ngapi. Hizi ndogo za milimita 5 kawaida mwisho wake ni miliampea 20. Mimi sipendi zivuke 17.

Kila rangi ina volti yake. Nyekundu hula karibu volti 2, nyeupe na samawati hula 3 hadi 3.4. Hizi mbili zinafanana kwa sababu nyeupe, kwa ndani, ni LED ya samawati iliyofunikwa unga wa njano unaogeuza rangi ya mwanga. (Waliotupatia LED ya samawati, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na kwa maoni yangu walistahili.) Ukiizidishia mkondo, joto huuharibu ule mchanganyiko wa unga na plastiki, na usamawati unajitokeza. Nilichokiona mezani kwa shangazi kilikuwa hicho.

Sasa hesabu yenyewe. Toa volti za LED kwenye volti za betri, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka, ukiuandika kwa ampea. Nilikuwa nimeunga LED tatu kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine: 3.2 mara 3 ni 9.6. Betri jioni ilisoma 12.6, zikabaki volti 3. Gawanya kwa 0.02 (yaani miliampea 20), unapata omu 150. Nikalehemu, nikaridhika.

Lakini shangazi hakuwa akizima taa asubuhi, kwa kuwa sikumwekea swichi. Saa sita mchana, paneli inachaji, mita ilisoma volti 14.3. Toa 9.6, zinabaki 4.7, kwa omu 150 hiyo ni miliampea 31. Betri imepanda volti 1.7 tu, mkondo umepanda zaidi ya nusu.

Nilipotengeneza upya niliweka swichi, nikaunga LED mbili mbili badala ya tatu tatu. Mbili hula 6.4. Kwa 14.3 zinabaki 7.9, na rezista ya omu 470 (njano, zambarau, kahawia) inatoa miliampea 17. Jioni kwa 12.6 ni 13. Tofauti imekuwa ndogo kwa sababu rezista imebakiziwa volti za kutosha kuutuliza mkondo. Gharama yake ni umeme unaopotea kama joto, wati 0.13 kwa kila rezista. Ya robo wati inahimili. Mistari sita ya LED mbili mbili, kwa muda wa saa tano, haifikishi nusu ampea-saa, betri haisikii. Ningeweza kubaki na tatu na kuweka omu 270, lakini betri ikichoka mwanga ungeshuka sana, na mtu anayekata mihogo anahitaji kukiona kisu chake.

Kila mstari uwe na rezista yake. Usiunge LED kumi sambamba, ubavu kwa ubavu, kwenye rezista moja: hazilingani kabisa hata zikitoka pakiti moja, na yenye volti ndogo itabeba mzigo wa wenzake mpaka iungue.

Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu imekatwa, tazama ukingo wa plastiki: upande uliobapa ni hasi. Usijaribu kwa kubahatisha kwenye betri ya volti 12, maana nyingi zinavumilia volti 5 tu zikigeuzwa. Tumia mita kwenye alama ya diodi. Nyekundu itawaka hafifu. Nyeupe mara nyingi haiwaki kwa mita za bei rahisi, maana volti za mita hazitoshi, hivyo usiitupe.

Mwisho, fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka betrini. LED zenyewe hazina nguvu ya kuunguza meza, ila betri hiyo ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya, na pale chini ya meza pana dumu la mafuta ya kukaangia.