Pima Kabla Dalali Hajafika: Ujazo wa Paina Iliyosimama Shambani

Ada za shule za Januari zinapokaribia, dalali hupita vijiji vya Njombe, Makete, Mufindi na Kilolo. Husimama ukingoni mwa shamba la paina, huangaza macho dakika kumi, kisha hutaja bei ya shamba zima. Mwenye shamba anajua mwaka aliopanda na anajua ekari zake. Asichojua ni mita za ujazo zilizosimama mbele yake. Mnunuzi naye hupasua magogo kila wiki, kwa hiyo jicho lake limezoea. Bei inayokubaliwa hapo imepangwa na mtu mmoja tu, na kazi ya miaka kumi na mitano inaisha asubuhi moja.

Nafasi za kupandia, palizi, kupogolea na kufyeka njia za moto hayatarudiwa hapa. Mnayajua. Linaloachwa, hata na wakulima hodari wenye mashamba ya kupendeza, ni kupima kabla ya kuuza.

Jicho hudanganya kwa sababu ujazo haukui sambamba na unene. Chukua mti wa paina wenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 16: una takriban mita za ujazo 0.20. Mwingine wenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 18 una takriban 0.35. Ukiitazama kwa mbali inakaribia kufanana, tofauti ni vidole vichache vya unene, lakini mti wa pili unabeba mbao zaidi kwa robo tatu. Anayeuza "mti kwa mti" kwa bei moja ameuza yote miwili kana kwamba ni sawa.

Vifaa ni vichache. Tepu ya fundi cherehani ya sentimita 150, fito moja iliyonyooka, kamba isiyovutika, vigingi vya kupigilia chini, chaki, daftari na penseli (kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye umande). Watu wawili wanatosha: mmoja apime, mwingine aandike. Anayeandika arudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika.

Kata fito iwe na urefu wa mita 1.3 kamili. Huo ndio usawa wa kifua unaotumika katika hesabu za misitu hapa nchini, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanapima "kifuani", lakini kifua cha nani? Mtu mfupi anapima mita 1.1, mtu mrefu mita 1.4, na mti unapungua unene kadiri unavyopanda. Kosa la sentimita moja tu ya kipenyo, kwa mti wa sentimita 20, linabadilisha ujazo kwa takriban asilimia 10. Simamisha fito kwenye shina, upande wa juu wa mteremko kama shamba lina mteremko, weka alama ya chaki, ndipo uzungushe tepu. Tepu ikae mlalo, isilegee na isipite juu ya kisiki cha tawi. Ukikuta kifundo au uvimbe hapo kwenye mita 1.3, panda juu kidogo hadi shina lirudi umbo lake. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 uhesabiwe kama miti miwili.

Angalizo la tepu: upande mmoja una inchi. Kila mafunzo ya vitendo huwa na mtu anayeandika 25 akidhani ni sentimita, kumbe amesoma inchi, na mti wake mnene unageuka fito ya kujengea kibanda. Paka rangi upande wa inchi ili usitumike kabisa.

Namba uliyoipata ni mzingo, si kipenyo. Gawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 47 ni kipenyo 15. 63 ni 20. 79 ni 25. 94 ni 30.

Shamba lisilozidi ekari moja, pima miti yote. Ukipanda mita 3 kwa 3, ekari ina miti kama 450, na watu wawili wasiopiga soga wanaimaliza kwa siku moja. Shamba kubwa zaidi, tumia viploti vya duara, yaani vipande vidogo vinavyopimwa kwa niaba ya shamba zima. Pigilia kigingi katikati, funga kamba ya mita 7.98, zunguka nayo. Duara hilo lina mita za mraba 200. Weka kiploti kimoja kwa kila nusu ekari, na visipungue vitatu hata shamba likiwa dogo. Kwa mpango huo unakuwa umepima karibu asilimia 10 ya shamba.

Mita 7.98 ni 7.98. Si "kama mita nane", wala si hatua nane. Kamba ya nailoni huvutika, na mkivuta kila mmoja kwa nguvu zake duara linakuwa kubwa, miti ya nje inaingizwa, na hesabu inavimba. Tumia kamba ya katani au tepu ya chuma, na uipime upya kamba yako kila asubuhi. Mteremkoni, kamba ishikwe mlalo hewani, isilazwe kufuata ardhi. Kwenye miinuko ya Makete kuilaza ardhini kunapunguza duara kwa kiasi cha kuumiza. Mti ulio mpakani unahesabiwa iwapo kitovu cha shina kiko ndani ya kamba.

Lipo kosa baya kuliko la kamba, nalo ni kuchagua pa kuweka kiploti. Mkulima anafika, anaona pengo lililoachwa na miti iliyokufa, anasogea hatua kumi hadi penye miti mizuri. Ukifanya hivyo umepima ndoto. Pengo ni sehemu ya shamba lako. Panga kabla ya kuingia: kwa mfano, kutoka kona ya shamba tembea hatua 30 kufuata mstari, weka kiploti, tembea 45, weka kingine, na popote hatua zitakapokuangusha, hapo hapo. Kitakachotoka nje ya mpaka tu ndicho kirudishwe ndani.

Urefu haupimwi kwa kila mti. Katika kila kiploti chagua mitatu: mmoja mwembamba, mmoja wa kati, mmoja mnene. Nyoosha mkono mbele, shika kijiti ambacho sehemu iliyo juu ya ngumi ina urefu sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi. Kijiti kisimame wima. Rudi nyuma hadi chini ya kijiti kilingane na kitako cha mti na ncha ya kijiti ilingane na kilele. Umbali kutoka uliposimama hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Upime kwa tepu, usiuhesabu kwa hatua. Mteremkoni simama usawa mmoja na mti, kando yake, si juu wala chini. Programu za simu za kupima pembe zinasaidia, lakini nazo zinahitaji umbali uliopimwa kwa tepu, na mwenye simu asiyepima umbali anapata namba nzuri isiyo na maana.

Sasa hesabu. Ujazo wa mti mmoja ni eneo la duara la shina (kwa mita za mraba) mara urefu mara 0.4. Hiyo 0.4 inarekebisha kwa sababu shina si bomba, linachongoka. Kwa paina ni kadirio la tahadhari na linajumuisha gome. Eneo la shina la kipenyo 15 ni 0.0177, la 20 ni 0.0314, la 25 ni 0.0491; la 30 ni 0.0707.

Tuseme kiploti kimekuwa na miti 20: mitano ya kipenyo 15 na urefu wa mita 14, tisa ya kipenyo 20 na mita 16, sita ya kipenyo 25 na mita 18. Mitano ya kwanza inatoa takriban mita za ujazo 0.50. Tisa inatoa 1.81. Sita inatoa 2.12. Jumla ni 4.43. Ekari moja ina viploti 20 vya ukubwa huo, kwa hiyo ni takriban mita za ujazo 89 kwa ekari, katika miti 400.

Itazameni hiyo miti sita. Ni asilimia 30 ya miti, lakini imebeba karibu nusu ya ujazo wote. Ndiyo maana mnunuzi anayesema "nichagulie mia moja na ishirini tu, mingine ubaki nayo ikue" hakuonei huruma. Anabeba nusu ya shamba kwa bei ya theluthi ya miti, anaangusha mingine wakati wa kuvuta magogo, na anakuachia miti iliyodumaa kivulini ambayo haitanenepa tena kama unavyotumaini. Msiuze kwa kuchaguliwa.

Kosa moja la hesabu limeenea hata kwa wenye elimu: kukusanya vipenyo vyote, kutafuta wastani, kisha kukokotoa ujazo wa mti mmoja wa wastani. Usifanye. Mti wa sentimita 10 na wa sentimita 30 una wastani wa 20, lakini eneo la mashina ya miti miwili ya sentimita 20 ni 0.0628 wakati eneo halisi la hiyo miwili ni 0.0785. Umejipunja moja ya tano kwa kalamu yako mwenyewe. Kokotoa kila kundi la unene peke yake, ndipo ujumlishe.

Na msiibebe bei ya mbao mkaizidisha kwa mita za ujazo za miti iliyosimama. Kwenye mashine ndogo za kupasulia mbao, dingidong, zaidi ya nusu ya gogo huishia mabanzi na vumbi. Ulizeni bei ya mita ya ujazo ya mti uliosimama, katika kikundi na kwenye mashine zaidi ya moja, kabla hamjakaa na mnunuzi.

Muda wa kupima ni Julai na Agosti, mvua zikiwa zimekatika na miti ikiwa haikui kwa kasi. Vipimo vilivyopita mwaka mmoja havifai kuuzia. Anayepima Julai ana miezi mitano ya kutafuta wanunuzi watatu au wanne kabla ya ada. Anayesubiri Desemba hana. Kama ada haina njia nyingine, uza robo ekari iliyopimwa, au punguzia miti myembamba iliyosongwa uuze kama nguzo za kujengea, na shamba lililobaki liendelee. Paina ya mbao hukomaa miaka 18 na kuendelea. Ya miaka tisa ina mbao laini na nyembamba, na mnunuzi anaipenda kwa sababu wewe una haraka.

Wa kufundisha wapo, tena karibu. Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kinachotoa kozi fupi za vitendo, kuanzia bustani ya miche hadi chenso na upasuaji wa mbao. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ilijenga vikundi vya wapanda miti katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, na vikundi hivyo vina muungano wao wa kitaifa, TTGAU. Kikundi chako kikiomba mafunzo kwa barua, kwa jina la somo, kinasikilizwa kuliko mtu mmoja mmoja. Andikeni wazi: "kupima ujazo wa miti iliyosimama, vitendo, siku mbili shambani". Mkiandika "elimu ya misitu" mtaletewa hotuba.

Afisa misitu wa wilaya ndiye mlango wa kibali cha kuvuna, kwa hiyo mnamwendea hata hivyo. Mwendeeni Julai na daftari, msimwendee Januari na mnunuzi mkononi. Mwombeni akague viploti viwili mlivyopima wenyewe. Shamba la Miti Sao Hill la TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), lililo kubwa kuliko yote ya Serikali, lina watu wanaopima miti kama kazi ya kila siku, na kikundi kinaweza kuomba ziara ya mafunzo. TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania) na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndiko kunakofanyiwa utafiti wa milinganyo ya ujazo. Kwa mwenye ekari nyingi, mlingano uliotengenezwa kwa paina ya hapa nchini ni sahihi kuliko ile 0.4.

Mpelekeni mtu sahihi. Mara nyingi anakwenda mwenyekiti, anasaini mahudhurio, anachukua posho, anarudi na kofia. Kila kaya ipeleke wawili, na mmoja awe kijana aliye mwepesi wa hesabu, wa kike au wa kiume, atakayekuwa bado yupo shamba litakapovunwa. Waende na tepu yao na vipimo vya kiploti kimoja cha shamba lao, ili makosa yao yarekebishwe huko huko.

Wenye milingoti (mikaratusi) ya nguzo za umeme, hesabu hii si yenu: nguzo huuzwa kwa urefu na kwa kipenyo cha kichwani, kwa hiyo mnahesabu miti iliyonyooka inayofikia kila daraja.

Mmepima vizuri iwapo watu wawili tofauti wakipima kiploti kimoja wanapishana kwa chini ya asilimia 5.

Kigingi cha katikati ya kila kiploti kibaki ardhini na kipakwe rangi, ili Julai inayofuata mpime miti ile ile. Daftari liwe na tarehe, majina ya waliopima, urefu wa kamba na mzingo wa kila mti, si jumla peke yake. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa katibu wa kikundi, na mnunuzi aonyeshwe jumla ya ujazo tu. Namba za mti mmoja mmoja zibaki kwenu.