Kuitafuta randa ya mzee ndani ya Nairobi

Randa ya chuma iliyoazimwa ikakosa kurudi, au iliyouzwa wakati wa kugawa vitu vya marehemu, mara nyingi haiendi mbali. Humfuata mtu anayejua kuitumia. Ugumu uko kwenye kuitambua, kwa maana vibanda vya mafundi Nairobi vina randa nyingi za Stanley na Record, viwanda viwili vya zamani vya vifaa, zinazofanana kama mapacha, na ukienda na kumbukumbu ya "ilikuwa nyeusi, nzito" utarudi na randa ya baba wa mtu mwingine.

Anza nyumbani kwa vipimo. Kama sanduku la vifaa bado lipo, pima nafasi ambayo randa ilikuwa inalala. Viwanda hutaja ukubwa wa randa kwa namba: namba 4 ina urefu wa inchi 9 hivi, namba 5 inchi 14, namba 6 inchi 18 na namba 7 inchi 22. Kisu cha namba 4 na 5 kwa kawaida kina upana wa inchi 2. Cha namba 6 na 7 inchi 2⅜. Sanduku likiwa halipo, pindua meza au kabati alilotengeneza mzee, utazame upande wa chini ambako hakupiga msasa. Mulika tochi ya simu kwa mshazari, karibu ilale juu ya mbao. Mikanda iliyoachwa na randa ilipopita itajitokeza, na kila mkanda huwa mwembamba kidogo kuliko kisu kwa sababu mafundi huviringisha pembe za kisu zisikwaruze.

Ukishajua namba, tafuta alama za mwenyewe. Hapa ndipo pa kutumia muda. Jina lililogongwa kwenye kisu lisikudanganye: kisu huisha kwa kunolewa na kubadilishwa, hivyo mwili wa Record unaweza kubeba kisu cha Stanley kwa miaka mingi. Namba na jina vilivyotoka kalibuni na mwili wenyewe ndivyo vya kuaminika. Record nyingi za zamani namba yao huanza na sifuri, 04 au 05. Stanley iliyoandikwa tarehe tatu za hataza (haki ya uvumbuzi) nyuma ya kitako kinachobeba kisu, ya mwisho ikiwa ya 1910, ni ya Marekani na ni ya zamani hasa. Iliyoandikwa Made in England ni ya baadaye. Ila haya yote yanakupa ukoo tu. Kinachokupa randa yenyewe ni herufi alizogonga mzee kwa ponchi, msumari aliotia mpini ulipopasuka, au mpini mzima aliouchonga upya. Mpini wa mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, kwenye randa ya Sheffield, Uingereza, haukutoka kiwandani, na hiyo ni alama bora kuliko jina lolote. Waulize waliofanya naye kazi kabla ya kuwauliza watoto wake. Watoto hukumbuka sanduku. Msaidizi aliyeinoa ile randa atakumbuka kisu kilikuwa na pengo upande gani. Halafu muulize pia nani alikuwa na mazoea ya kuiazima.

Majina hayo ndiyo ya kufuata kwanza. Yakiisha bila jibu, ingia mtaani: mafundi wa fanicha wa Gikomba, wa Ngong Road, wa Kariobangi, kisha wauzaji wa vyuma vikuukuu. Gikomba imeungua mara nyingi na vibanda huhama, kwa hiyo chukua namba ya simu ya kila fundi unayeongea naye. Kamukunji, kwa wafua vyuma, nenda mapema kama unachotafuta ni patasi au tupa, kwa sababu chuma chake kizuri hufuliwa kikawa kitu kingine. Randa haifuliki, ni chuma cha kalibu. Hatari yake ni kuuzwa kwa kilo.

Usiingie kibandani na hadithi ya marehemu. Sema tu: "Habari ya kazi, fundi. Natafuta randa ya chuma, zile za Uingereza za zamani, hata kama mpini umevunjika." Huzuni ikitajwa mbele, bei hupanda kabla randa haijatolewa chini ya meza.

Ukiishika, omba ruhusa ufungue kisu. Nyingi hupuliziwa rangi nyeusi zipendeze, na herufi hubaki chini ya rangi hiyo. Kitambaa chenye thina kwenye kona moja kitakuonyesha. Kwa mpini, weka karatasi nyembamba juu ya mbao usugue penseli ikiwa imelazwa. Herufi zilizofutika machoni hutokea kwenye karatasi. Kagua nyufa pembeni mwa mdomo, ule mwanya kisu kinapotokea: pangusa mafuta ya taa, subiri dakika 10, kausha kabisa, sugua chaki nyeupe. Ufa huyatema mafuta na kuchora mstari kwenye chaki. Tazama pia kama bolti za mpini zipo. Za Stanley zina unene wa kama milimita 5.5 na nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya kawaida ya milimita 5 (M5) hucheza na ya milimita 6 (M6) haiingii, na fundi anayeilazimisha huharibu nyuzi za mwili.

Randa ikiwa ndiyo, kumbuka kwamba mwenye nayo anaitegemea leo kwa kazi. Pesa peke yake humwacha bila kifaa, na ndiyo sababu wengi hukataa. Mpelekee nyingine nzima iliyonolewa, uongeze kiasi juu, na atakuelewa haraka zaidi. Andikishaneni karatasi yenye majina, namba za kitambulisho na tarehe. Kama randa iliibiwa, usinunue kimyakimya: ripoti polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) kwanza. Kwa tangazo la mtandaoni, omba picha mpya yenye karatasi ya tarehe ya leo kando ya randa, na M-Pesa itoke ukiwa umeishika mkononi.

Ikishindikana kabisa, namba ileile ya kiwanda kilekile hupatikana Uingereza bila shida. Mtu anayesafiri aiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege, kisu kikiwa kimetolewa na kufungwa. Ikitumwa kwa posta, hesabia ushuru na VAT ya asilimia 16. Visehemu vya randa ya mzee vilivyobaki, hata kama ni kisu tu, vitaingia humo ikiwa upana ni mmoja.

Usafi uwe wa kiasi. Sugua kutu kwa pamba ya chuma na mafuta ya taa. Sehemu ndogo zilizoliwa sana zilaze kwenye siki usiku mmoja, uzioshe kwa maji yenye magadi, uzikaushe juani na kuzipaka mafuta papo hapo, maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upesi sana. Mpini usiuguse na siki wala msasa. Grenda isikaribie mahali penye herufi.