Plasta ya ganzi baada ya upasuaji wa tumbo: ibandike kando ya mshono

Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo huyajua maumivu pale anapotaka kuinuka kitandani. Hata kikohozi kidogo, mshono unavuta kama unachanika. Ndiyo maana wakati mwingine daktari huongeza plasta ya lidokeini ya asilimia 5 pamoja na vidonge. Ni pana, sm 10 kwa sm 14, na ina mg 700 za dawa ya ganzi. Karatasi ya maelezo iliyo kwenye pakiti huzungumzia maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kuitumia karibu na mshono ni uamuzi wa daktari, kwa hiyo usijinunulie dukani.

Hatua ya 1. Soma jina la dawa. Ipo plasta nyingine, ya fentanili, inayokaa siku 3. Hiyo si ya mshono: dawa yake hupanda polepole mwilini, na asiyezoea dawa za jamii ya mofini inaweza kumkata pumzi usingizini. Kama ndugu mwenye saratani amebakiza nyumbani, usiiguse kabisa.

Hatua ya 2. Mweleze daktari kama ganzi iliwahi kukudhuru, kama una shida ya ini au moyo, au unanyonyesha.

Hatua ya 3. Safisha ngozi kwa maji, ikauke, usipake mafuta. Nywele zipunguze kwa mkasi. Wembe huacha michubuko.

Hatua ya 4. Kata plasta kabla ya kubandua karatasi inayofunika gundi, kisha weka kipande kila upande wa mshono, kwenye ngozi isiyo na kidonda tu. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji aliibandika juu ya kidonda chenyewe. Nilipoifunua, ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa kama vidole vya mfua nguo, na ukingo wa kidonda umeanza kuachia. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Hatua ya 5. Andika saa kwenye plasta kwa kalamu. Ukibandika saa 1 asubuhi, itoe saa 1 usiku, ngozi ipumzike hadi kesho yake. Plasta zisizidi 3 kwa wakati mmoja, hata maumivu yakikaza. Na mama zangu mnaokanda waliojifungua: maji ya moto yasifike hapo. Joto huingiza dawa nyingi mwilini, na ngozi yenye ganzi haisikii ikiungua.

Mdomo ukifa ganzi, masikio yakivuma au kizunguzungu kikija, itoe na uwahi hospitali.

Hatua ya 6. Ikunje, gundi ndani, itupe mbali na watoto. Iliyotumika bado ina dawa karibu yote, na mtoto akiitafuna inaweza kumuua.

Plasta hutuliza ngozi na mshono. Gesi na maumivu ya ndani haiyafikii. Tumbo likiwa gumu, homa ikipanda au usaha ukitoka, usiongeze plasta. Rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.