Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwanasiasa Aliyekuwa Mwanahabari: Mfano wa Giuseppe Bottai

Mwanafunzi wa uandishi wa habari pale Malimbe, au mwalimu wa historia wa Nyamagana anayeandaa makala ya ubao wa shule, akipewa kazi ya kuandika maisha ya kiongozi wa zama za Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, mara nyingi hukimbilia kupanga vyeo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Mpangilio huo haumfai mtu aliyeshika kalamu na madaraka kwa wakati mmoja, kwa kuwa unaficha jambo tunalotaka hasa kulijua, yaani aliyoyaandika na aliyoyatia saini yalihusianaje.

Chukua kaunta buku, ulifungue kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika alichochapisha, kulia alichofanya ofisini, mwaka kwa mwaka. Mfano wetu ni Giuseppe Bottai, mwanahabari aliyekuja kuwa waziri wa Mussolini. Utoto upite haraka: Bottai alizaliwa Roma tarehe 3 Septemba 1895, akapigana Vita Kuu ya Kwanza, akajiunga na Mussolini mwaka 1919 na kuliandikia gazeti lake, Il Popolo d'Italia.

Mwaka 1923 alianzisha jarida la Critica fascista, lililodumu hadi 1943. Hapa mwandishi awe macho, maana jarida hilo lilisifika kwa kutaka mjadala, na ni rahisi kumwona mhariri wake kama mtetezi wa uhuru wa maoni. Mjadala wenyewe ulikuwa wa wanachama wa chama cha Kifashisti peke yao. Ukurasa wa kulia andika kwamba mwaka 1926 serikali aliyoitumikia ilifunga magazeti ya upinzani, na mwaka huohuo Bottai akawa naibu waziri katika Wizara ya Mashirika (yaani vyama vya waajiri na wafanyakazi vilivyowekwa chini ya dola), ambayo aliiongoza akiwa waziri kamili kuanzia 1929 hadi 1932.

Sura ya Ethiopia isifupishwe na mtu anayeandikia wasomaji wa Afrika. Italia ilivamia Oktoba 1935, ikatumia hata gesi ya sumu. Bottai, aliyekuwa gavana wa Roma, alikwenda vitani kwa hiari yake, na Addis Ababa ilipotekwa Mei 1936 akawekwa kuwa gavana wa mji huo kwa muda mfupi. Miaka mitano baadaye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), wakiwamo waliotoka Tanganyika, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowatoa Waitalia nchini humo. Ikiwa katika ukoo wako yumo babu aliyekwenda vita hiyo, waulize wazee wa nyumbani, ila simulizi yao iandikwe mahali pake na isichanganywe na maisha ya Bottai.

Aya ngumu kuliko zote ni ya 1938. Bottai alikuwa Waziri wa Elimu tangu Novemba 1936 hadi Februari 1943, na ndiye aliyesimamia, tena kwa ukali, amri ya Septemba 1938 iliyowaondoa walimu na wanafunzi wa Kiyahudi katika shule za serikali. Sentensi ya tukio hili iwe na mtendaji wake: usiandike kwamba watoto “walijikuta nje ya shule” wakati aliyewatoa anajulikana kwa jina. Waziri huyohuyo alisimamia sheria ya mwaka 1939 ya kulinda kazi za sanaa, na mwaka 1940 akaanzisha jarida la Primato, ambalo lilichapisha hata waandishi waliokuja kuupinga ufashisti. Mambo hayo ni ya kweli na yaandikwe, bila kuyafanya kuwa fidia ya lile la 1938.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943 alikuwa miongoni mwa wajumbe 19 wa Baraza Kuu la chama waliompigia Mussolini kura ya kumwondoa, dhidi ya 7. Januari 1944 mahakama ya mafashisti waliobaki upande wa Mussolini, huko Verona, ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo, naye mwaka huo akajiunga na Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa kwa jina la Andrea Battaglia. Alipata msamaha, akarudi Italia mwaka 1948, akaanzisha jarida la ABC mwaka 1953, na kufariki tarehe 9 Januari 1959. Mkasa wa kujificha jeshini unavutia, lakini aya moja inautosha.

Tarehe zote zihakiki katika zaidi ya kitabu kimoja. Kisha mpe mwenzako asome makala bila maelezo yako, umuulize Bottai alifanya nini mwaka 1938. Akisitasita, rudi uiandike upya aya hiyo.