Sungura ananyonyoka manyoya: soma hapa kabla ya kuulizia dawa

Swali hili limeulizwa mno. Naliweka hapa, mkiuliza tena nawarudisha huku.

1. Angalia upara uko wapi. Kifuani na tumboni kwa jike: anaandaa kiota. Mgongoni na shingoni, pana unga kama mba: utitiri. Puani, kwenye kingo za masikio na miguuni, pana magamba: ukurutu. Kidevu kimelowa: shida ya meno.

2. Jike wa kiota mwache. Mimba ni siku 31 hivi, muwekee boksi. Mimba ya uongo nayo ipo, huisha kwa siku 16 hadi 18.

3. Majani makavu yawepo saa zote. Wa kulishwa pumba tu hugeukia manyoya.

4. Dawa. Hapa ndipo wanapofia. Matone ya viroboto ya mbwa yenye fipronili ni sumu kwa sungura. Usimwogeshe dawa ya ng'ombe. Kwa baridi ya Julai huku Uyole, Mbeya, maji peke yake yanatosha kumuua. Utitiri na ukurutu hutibiwa kwa sindano ya ivermektini chini ya ngozi, na irudiwe baada ya siku 10 hadi 14 maana haiui mayai. Chupa ya asilimia 1 dukani ni ya ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50. Wako ana kilo 2! Apime mtaalamu wa mifugo, kwa bomba dogo la insulini. Tibu banda zima, vaa glavu, ukurutu unapanda kwa watu.

MASWALI

— Mkuu, wangu ananyonyoka, dawa gani?
Wapi? Namba 1.

— Nimempaka oili chafu, mbona haponi?
Sungura hujilamba. Umemnywesha oili. Mpeleke kwa mtaalamu leo.

— Shikamoo kaka. Ninao wawili, mmoja mgongo mtupu ila ngozi safi, mwenzake manyoya tele.
Marahaba dada, umeangalia vizuri. Huyo mwenye manyoya tele ndiye mnyonyoaji. Watenganishe, kisha ongeza nafasi na vya kutafuna. Wa Njombe mna bahati, matawi makavu ya mtofaa wanayapenda sana.

— Sisi wa Tukuyu majani tunakaushaje, mvua haikati?
Kata umande ukishakauka, tandaza kwenye chanja chini ya bati, geuza asubuhi na jioni. Yakinuka ukungu usimpe, hata kidogo.